Breki za Kamembe

Vijana wa mji wetu wa Kamembe, Rwanda, siku hizi, kabla ya kucheza, hutafuta kwanza pa kuegemeza simu. Ikishasimama vizuri ukutani wanajipanga mbele yake, wanacheza, wanajitazama, wanafuta, wanarudia. Wanajua kutenganisha breki na poping, loking na krampi, na wanajua kila mtindo umetoka wapi. Mimi huwatazama kwa furaha iliyochanganyika na wivu. Miaka ya themanini sisi tulicheza mitindo hiyo karibu yote kama ngoma moja, na hakuna aliyetupiga hata picha.

Rwanda haikuwa na televisheni mpaka 1992. Dansi ilitufikia kwa kuvuka daraja la mto Rusizi, kutoka mji wa Bukavu ng'ambo ya pili, kwenye kanda za filamu za *Breakin'* na *Beat Street*, zote za 1984. Zilikuwa nakala za nakala. Mistari ilikata kioo chote, na mara nyingi miguu ya wachezaji ilipotelea humo. Tusichokiona tulikibuni.

Kumbe tulikuwa tunachanganya miji. Breki ilizaliwa Bronx, New York, ambako Agosti 1973 DJ Kool Herc, kijana aliyetoka Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake, basi akatumia sahani mbili za wimbo mmoja kukirefusha. Loking ni ya Los Angeles: Don Campbell alikuwa akisita katikati ya hatua asizozimudu, watu wakapenda kule kusita kwenyewe. Poping, ya kukaza msuli na kuuachia ghafla, ilienezwa na Boogaloo Sam wa Fresno na kundi lake. Kwetu yote hayo yalikuwa breki, na kiunoni tuliongeza ya Kinshasa, kwa sababu redio za ng'ambo ya mto hazikutuacha hivihivi.

Uwanja wetu ulikuwa boksi la sabuni lililopasuliwa na kutandazwa chini. Redio kaseti ilikula betri bila huruma. Zikianza kuisha, muziki ulilegea, sauti ya mwimbaji ikazama, na wachezaji wakalegea nao. Wengine walipoteza mdundo, lakini wenye akili waligeuza ule ulegevu kuwa roboti. Kesho yake betri zilianikwa juani.

Mbora wetu alikuwa kijana aliyefagia duka la mama yake kila asubuhi. Kwenye *Breakin'*, Turbo anacheza na ufagio mbele ya duka, na yeye aliichukua sehemu ile akaifanya yake. Fagio zetu ni fupi, za kuinamia, hivyo aliicheza yote akiwa ameinama, mgongo sambamba na ardhi, ufagio ukimtangulia na mawimbi yakipita kutoka bega moja hadi jingine. Sijaiona kwingine mpaka leo, na nimetafuta.

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikusanywa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka, hapa kwetu, wakawa wanaitwa kwa orodha, wanatolewa na kuuawa. Duara letu lilipoteza watu, naye akiwa mmoja wao. Waliobaki walitawanyika, na kwa miaka sikusikia mtu akitaja breki.

Sasa Cyangugu, kama eneo letu lilivyoitwa zamani, ni Rusizi, na 2024 breki ikachezwa kwenye Olimpiki ya Paris, dhahabu zikaenda kwa Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada. Niliangalia nikiwa na vijana hawa hawa. Walinieleza kila hatua kwa jina lake, nami nikawaonyesha yale mawimbi ya mabega, kwa kadiri magoti yalivyoniruhusu. Msichana mmoja aliniomba nirudie, akaifungua kamera. Nikamwambia aliyeyabuni ni nani, jina lake na la mama yake, na duka lao lilikuwa upande gani wa barabara.