Thao za Shosho

Januari 2020 shosho aliniita kwake Laini Saba, Kibera. Nilikuwa na deni la karo na mtihani ulikuwa karibu. Alifunga mlango, akainua godoro, akatoa nailoni. Ndani kulikuwa na thao 23 zimefungwa na raba. Zote zile za zamani, zenye picha ya Mzee Kenyatta.

"Za mandazi hizo. Enda ulipe shule."

Zilikuwa zimekufa tangu Septemba 30.

Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Siku ya Madaraka 2019, Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, akatangaza noti mpya, na kwamba elfu za zamani zimebakisha miezi minne. Walilenga pesa chafu na noti bandia. Muda ulipoisha, noti kama milioni 7.4 hazikuwa zimerudi. Shilingi bilioni 7.4. Watu walisema ni za wezi. Hata mimi nilisema hivyo.

Na siwezi kudai sikuwa na habari. Miezi hiyo yote nilikuwa mtandaoni nikicheka wanasiasa wenye magunia ya pesa. Wikendi nilipita kwa shosho, nikakula, nikaenda zangu. Hata siku moja sikumuuliza kama ana thao imelala mahali.

"Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, shosho."

Akazirudisha kwenye nailoni, akabandika chai. Akaniambia hii si mara yake ya kwanza. Utotoni alitumwa dukani na shilingi ya Afrika Mashariki, pesa iliyotolewa na bodi ya wakoloni. Benki Kuu ya Kenya ikaanzishwa 1966, na pesa zikabadilika.

"Lakini hiyo mara," akasema, "baba alitukalisha chini akatueleza."

Sikurudi chuo. Siku hizi naandika, na chumba changu kiko Kawangware. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa noti zenye sahihi ya gavana mpya, Kamau Thugge. Zilizokuwepo zingeendelea kutumika. Jioni hiyo hiyo nilitembea mpaka Kibera kumwambia zake ziko sawa.

Nilimpata anakanda unga. Hakuinua macho.

"Leo umewahi," akasema.