Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, aliyepewa ufadhili wa kuchunguza utalii baada ya vita, alifika Kinigi, kaskazini mwa Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ziara za sokwe wa milimani zilirejea mwaka 1999. Daftari lake lilijaa hesabu: ada ya mgeni wa kigeni ilipandishwa hadi dola 1,500 mwaka 2017, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hutengewa vijiji jirani.

Mama mmoja, ambaye viazi vyake vilikanyagwa na nyati, alimwuliza kwa upole iwapo hesabu hizo zilimtaja nani aliyepona. Mwanafunzi alifunga daftari, akaketi kumsikiliza. Wageni huhesabiwa langoni mwa hifadhi. Kupona kwa wenyeji hakuna budi kutafutwa majumbani mwao.