Kwenda Malindi na Gari la Kale

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita, baada ya kuswali Subhi, tulitoka Mji wa Kale, Mombasa, kuelekea Malindi, mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Ubavuni petu alikuwa mama watoto, na chupa ya chai na mahamri. Gari letu la mwaka 1992 tulikuwa tunalipeleka kwa mnunuzi. Yeye ni bibi mjane, mpishi, apelekaye sambusa na viazi vya karai katika maskuli asubuhi. Bei tulikwisha kuafikiana kwa simu, shilingi 240,000. Tulimwambia kwamba gari hili asubuhi huwaka kwa mguso mmoja, na hilo ni kweli. Hatukumwambia kwamba likishakwenda, kisha likazimwa, huenda likakataa.

Baada ya mashamba ya mkonge ya Vipingo tulikata kulia kuingia Takaungu, kumjulia hali ami yetu. Wasomaji wetu wajua kwamba Wamazrui waliufanya mji huu makao yao baada ya Sayyid Said kuwatoa Mombasa mwaka 1837. Leo ni mji uliotulia kando ya hori lake, na upepo wa chumvi unapuliza mchana kutwa. Tulipomuaga ami na kuzungusha ufunguo, tulisikia mlio mmoja tu: tak!

Kijana fundi aliletwa kwa bodaboda kutoka barabara kuu. Hakugusa kitu. Alisema, "Sheikh, washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo." Taa zikafifia mithili ya mshumaa upepeni. Akatueleza kwamba lau zingebaki ziking'aa angeshuku stata. Zikififia, umeme haufiki unakotakiwa. Betri ilikuwa ya miezi miwili, na vichwa vyake safi. Basi akaufuata waya mweusi mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi ya gari, akatuonyesha kutu iliyoufunika. Akaufungua, akasugua kwa msasa chuma kikang'aa, akaukaza na kuupaka grisi. Gari likawaka papo hapo. Akataka shilingi 300. Tukakumbuka betri mbili tulizowahi kuuziwa kwa ugonjwa huo huo, nasi hatukusema neno.

Tulivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 (wenye umri wetu hawajasahau foleni za feri), tukiamini kwamba gari limepona. Kwa furaha hiyo tukasimama Gede, mama watoto alione kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Ni ajabu kuingia katika msikiti mkuu usio na dari, miti mikubwa ikiuzunguka, na kuona mihrabu ingali imeelekea Qibla. Tulikaa kama nusu saa.

Tuliporudi, injini ilizunguka kwa nguvu lakini haikushika.

"Baba, haya si maradhi ya Takaungu," alisema mama watoto. Akatoa mkobani daftari dogo ambalo hatukujua kama analo. Humo ameandika kila siku gari lilipokataa: saa ngapi, lilikuwa moto au baridi, lilisimama muda gani, lilizunguka au lililia tak. Sisi tuliita yote hayo "ukorofi wa gari". Yeye alikwisha kuyatenga makundi mawili.

Dereva mmoja wa teksi alisoma ukurasa, akacheka kwa kustaajabu. Alisema injini ikizimwa ingali moto, joto hupanda kwenye kabureta, petroli huchemka na kufurika ndani. Dawa ya hapo ni kukanyaga kanyagio la mafuta mpaka chini, kulishikilia pasi na kulipigapiga, na kuzungusha ufunguo. Mara ya tatu likashika, likatoa moshi mweusi. Kisha, alipojua twendako, alitunong'oneza, "Sheikh, ukifika usilizime mpaka pesa ziwe mkononi."

Tumesomesha mlango wa khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa, kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo twakiri kwamba kutoka Gede mpaka karibu na Malindi tulikuwa tukijitafutia hoja: gari la kale, mnunuzi ana macho, bei ni nafuu. Mama watoto hakusema kitu. Alilishika daftari mapajani.

Mlangoni mwa yule bibi tulizima gari sisi wenyewe. Baada ya salamu tukamwambia alizungushe ufunguo. Halikushika. Tukamweleza yote, na ile dawa ya kanyagio. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Likiachwa lipoe, huchukua muda gani?"

"Kama dakika 40, bibi."

"Skuli ya kwanza nasimama saa nzima. Ya pili dakika kumi. Hiyo ya pili ndiyo taabu." Akafikiri. "Nitatoa 200,000, na hizo 40,000 nimpe fundi wa kabureta."

Tukapeana mikono. Mama watoto akampa daftari, akamwonyesha kurasa zilizobaki tupu. Nasi, baada ya kujumuisha Adhuhuri na Asri, tukaenda stendi kutafuta matatu ya Mombasa.