Funda la Maji

Bi Mkubwa wetu alipopatwa na kiharusi, sisi binti zake tulidhani kazi yetu ni kukifikisha kijiko kinywani tu, kisha chakula kingeshuka chenyewe kama maji ya mfereji. Maji ndiyo yaliyotusuta. Funda moja lilimpalia, akakohoa hata machozi yakamtoka, nasi tukabaki kushikana mikono.

Tabibu alitufahamisha kwamba chakula hakianguki, bali husukumwa. Umio, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 25, hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, hatua kwa hatua, hadi tumboni. Ndiyo maana mbuzi huinamia ndoo na maji yakapanda shingoni mwake. Nasi tusujudupo, msuli ulio mwisho wa umio hukizuia chakula kisiturudie kinywani; miaka yote hiyo hatukupata kulifikiri hilo!

Kilichodhoofika kwa Bi Mkubwa ni mwanzo wa safari, pale kooni, ambapo njia ya hewa hufungwa kwa muda mfupi tonge lipite. Maji ni mepesi, hutangulia kabla mlango haujafungwa. Uji mzito huenda kwa taratibu. Basi tukawa tunamketisha wima, kama tulivyoelekezwa, wala hatumsemeshi anapokula, jambo lililotuwia zito kuliko yote.

Jana baada ya Magharibi alimeza vijiko saba vya uji bila kukohoa, alhamdulillahi. Tulivihesabu.