Kisima cha Uani

Nyumba yetu iko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye uchochoro ambao watu wawili waliobeba ndoo hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Chini, uani, kipo kisima. Nani alikichimba hatujui. Marehemu baba alikikuta, na yeye ndiye aliyekitilia mfuniko wa mbao na kufuli ili sisi watoto tusije tukatumbukia. Maji yake yana chumvi kidogo. Hayafai chai wala wali, lakini kwa kufua, kuoga, kuoshea vyombo na kutilia chooni hayana ila. Kwa miaka mingi hatukuyahitaji. Bomba lilikuwa likitoa, siku nyingine kwa kusuasua, na mfuniko ukageuka mahali pa kuwekea makarai ya nguo.

Wageni wanaokuja mjini kwetu hupenda kupandishwa juu ya paa. Huko huonyeshwa mnara wa msikiti, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu na hekalu la Wahindu, wakapiga picha na kusema kwamba hapa watu wa dini zote wanaishi kwa mapenzi. Mimi sibishani nao. Ni kweli nimelala na kuamka kwa adhana na kengele, na masikio yangu hayajapata kulalamika. Lakini ukiwa juu ya paa humwoni anayegonga mlango wa jirani, wala huoni amebeba nini mkononi. Hayo yako chini, na huko chini ndiko yalikonifika haya ninayotaka kuyaeleza.

Umeme wa Unguja unatoka Bara. Tangu mwaka 1980 umekuwa ukipita katika waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwezi wa Mei 2008 uliharibika, tukakaa gizani kiasi cha mwezi mzima, tukasema tumeshaona la kuona. Kumbe bado. Tarehe 10 Desemba 2009 ukazimika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, ndugu msomaji, kisiwa kizima.

Siku za mwanzo zilikuwa kama mchezo. Kandili zilitolewa mvunguni, zikafutwa vumbi, na watoto wakapata hadithi walizokuwa wamezisahau kwa ajili ya televisheni. Baadaye ndipo tulipojua kwamba umeme si taa tu. Samaki akaoza Darajani. Bei ya mafuta ya taa ikapanda. Wenye maduka wakaweka vijenereta vyao mlangoni, uchochoro ukajaa moshi na makelele, mtu hasikii salamu ya mwenziwe. Na maji yakakatika, kwa sababu pampu zinazoyasukuma kuja mjini nazo ni za umeme. Wazee wa barazani wakamkumbuka Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, na aliyeyavuta maji ya chemchemi kutoka shamba mpaka mjini. Mmoja wao akasema, "Barghash hakuwa na umeme, na watu wake walioga." Tulicheka sana, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya.

Nyumbani kwetu mashaka yalikuwa makubwa zaidi ya hayo. Mama alikuwa amepita miaka sabini, na maradhi ya sukari yalikuwa yamemkalia muda mrefu. Alikuwa akipigwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Ndugu yetu aliyeko Maskati alikuwa ametuletea chupa kumi na moja, tukaziweka ndani ya friji tukiwa na raha kwamba miezi ile hatuna wasiwasi. Siku ya pili ya giza nikafungua friji nikakuta joto. Nikaenda mbio kwa Bhai mwenye duka la dawa. Akanieleza kwa utulivu kwamba chupa inayotumika inaweza kukaa nje kiasi cha mwezi, penye kivuli na ubaridi, hata pembeni ya mtungi wa maji, lakini hizo nyingine zinataka baridi ya kweli. Yeye mwenyewe alikuwa akihangaikia dawa zake. Nilirudi nyumbani miguu mizito.

Sijui habari ilimfikiaje jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuwa mama wa Kigoa, mjane, akishona sare za watoto wa skuli, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Anti. Alipanda ngazi zetu jioni ile ile, akamwamkia Mama, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nipe hizo chupa."

Masista wa kanisa lake walikuwa na jenereta iliyowashwa saa kadhaa kila siku, na friji yao ilishika baridi. Akazifunga chupa kumi kwa kitambaa kibichi, akazitia ndani ya kikapu, akaandika idadi yake katika daftari alilokuwa akiandikia vipimo vya nguo. Kila chupa moja ilipokaribia kwisha alikwenda kwa miguu mpaka Shangani akaleta nyingine. Hakutumwa, na nauli hakutaka.

Sasa nirudi kwenye kisima.

Watu wa mtaani walianza kuja wiki ya kwanza. Mama na mke wangu walisema kifunguliwe tu, anayekuja achote. Mimi nilikataa, na msomaji asinihukumu haraka, kwani nilikuwa na sababu. Ua wetu ndimo wanawake wa nyumba wanamopikia na kufulia wakiwa vichwa wazi. Nani anataka ua wake uwe barabara? Tena kisima si bahari. Kikichotwa ovyo, kufika adhuhuri hutoka tope. Basi nikaandika orodha: majina ishirini na matatu ya wenye nyumba ninaowajua, kila mmoja na saa yake, nikamweka kijana wa dada yangu mlangoni na karatasi ile mkononi. Nilijiona mtu wa utaratibu. Miaka thelathini ya kusomesha humfanya mtu aamini kwamba jambo likishaandikwa kwenye karatasi limekwisha.

Majina yale ishirini na matatu nilikuwa nimeyatoa wapi? Sikujiuliza. Niliyaandika baada ya sala ya alfajiri, nikiwa bado nimekaa msikitini, nikitazama safu moja baada ya nyingine.

Krismasi ya mwaka ule iliangukia siku ya Ijumaa. Ilikuwa pia Muharram, na jirani zetu wa Ithnaasheri walikuwa katika siku zao za majonzi, wamevaa nyeusi, wakielekea Ashura. Kila mtu alikuwa na haja ya maji kwa lake. Baada ya sala ya Ijumaa nilirudi nyumbani, nikakaa na kahawa yangu karibu na kitanda cha Mama, na Anti akaingia. Kila Krismasi alikuwa akituletea keki katika sahani ile ile yenye ukingo wa buluu, na Mama humrudishia sahani hiyo siku ya Idi ikiwa na visheti. Siku ile alikuwa na chupa ya insulini tu.

Mama akamtania, "Mwaka huu hata keki hakuna, shoga yangu?"

"Oveni ipi, Bi Mkubwa? Na maji ya kuoshea sufuria nimekosa tangu jana."

"Maji! Na kisima hichi?"

Anti alitazama chini. Nadhani angependa aliyoyasema yangeweza kurudishwa. "Nilikuja jana na ndoo zangu mbili," akasema. "Kijana aliniambia jina langu halimo. Si kosa lake, kweli halikuwemo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nakumbuka nilikitazama kwa ndani, kama kwamba kuna kitu nimekipoteza humo. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Ufunguo." Nikampa. Akauweka kiganjani mwa Anti, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili.

"Wewe unajua kuhesabu," akamwambia.

Tangu siku ile mpaka Machi kisima kilikuwa cha Anti. Orodha yangu sikuiona tena; nadhani iliwashia jiko. Yeye aliandika kwa nyumba, uchochoro mmoja baada ya mwingine, ndoo ngapi na vichwa vingapi. Alijua nyumba yenye mtoto mchanga na nyumba yenye mgonjwa. Kuhusu ua, jambo lililonishinda mimi, alilimaliza kwa doti mbili za kanga na kamba: akatundika pazia kutoka mlangoni mpaka kisimani, wanawake wa nyumba wakaendelea na mapishi yao upande wa pili. Mzee mmoja wa Kihindu alikuja na chombo chake cha shaba na kamba yake mwenyewe, kwa kuwa hakutaka kutumia ndoo ya watu wote. Anti alimpa nafasi, wala hakumuuliza. Yalikuwepo na magomvi pia. Wanawake wawili walitupiana ndoo asubuhi moja kwa ajili ya foleni, na hawakusemezana mpaka mwaka ukapita.

Alipofariki mzee mmoja wa uchochoro wetu, mwezi wa Januari, watu wa kuosha maiti walikuja kuulizia maji wakati kisima kimeshafungwa kipumzike. Anti alikuwa na ndoo nne alizojiwekea nyumbani kwake. Alizitoa zote.

Lakini hata baada ya hayo, bwana mmoja, tena mtu wa safu ya mbele msikitini, aliniita pembeni akaniambia haipendezi maji yetu ya kutawadhia yawe chini ya ufunguo wa mwanamke Mkristo. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu. Nilisema, "Ni amri ya Mama," nikaenda zangu. Kwa hivyo mara mbili katika msimu mmoja nilijificha: mara ya kwanza nyuma ya karatasi, mara ya pili nyuma ya bibi kizee mgonjwa.

Umeme uliporudi, mji mzima ulipiga kelele kwa sauti moja, ungedhani timu yetu imefunga bao. Mwaka 2013 ukalazwa waya wa pili wenye nguvu zaidi. Mama hakuuwahi, alifariki mwaka 2012. Anti alikaa matangani siku zote tatu pamoja na wanawake wa nyumba, kanga kichwani, akikata vitunguu.

Baada ya arubaini nilimfuata kibarazani kwake, nikamwambia lile la orodha limenikaa. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akasema, "Mwalimu, ulikuwa na nyumba ya kulinda." Hakukuwa na kejeli ndani yake, nilimtazama vizuri. Kisha akaniomba nimsaidie kutunga uzi, macho yake hayaoni tena. Angenilaumu, ningejua la kujibu. Amekwishahamia kwa bintiye Dar es Salaam, na sahani yenye ukingo wa buluu iko kwetu, kwa sababu zamu ya kuirudisha ilikuwa yetu.

Majuzi bomba lilikauka siku mbili. Kijana mmoja wa nyumba ya wageni iliyofunguliwa karibu yetu, sijui kwao ni wapi, alibisha hodi akauliza ufunguo wa kisima anao nani. Nikamwonyesha ndoo na kamba zilipo, nikamwambia ukiinua mfuniko tazama vidole vyako, una msumari.