Baba Aliacha Vidonge vya Sukari Akahamia Kwenye "Asili", Kumbe Kidonge Chenyewe Kilianzia Kwenye Majani!

Pita Kariakoo siku yoyote, utakutana na meza ya mizizi, magome na unga wa kila rangi. Hatua chache mbele kuna duka la dawa lenye kioo na feni. Watu wa mjini wamejizoesha kuziona hizo kama timu mbili, mfano wa Simba na Yanga: huku asili, kule kemikali. Ukiwa huku unawacheka wa kule, ukiwa kule unawaona wa huku washamba.

Kwenye mitandao ubishi huo ni burudani tu. Kwa mdada mmoja wa Sinza, jina lake libaki kapuni, ubishi uliingia hadi sebuleni kwao.

Mdada ana wafuasi laki moja na ushee. Anaposti nywele, manukato na mapishi, na kodi ya nyumba analipa kwa matangazo. Mwezi mmoja akapata dili nono: posti tatu, laki tatu kila moja, kutangaza unga wa majani wa kushusha sukari. Maneno aliandikiwa kabisa, kazi yake ilikuwa kushika kopo na kutabasamu. "Aga sukari bila kemikali." Kodi ilikuwa inakaribia, kwa hiyo akajibu kwamba ataangalia ratiba yake, lugha ya watu wa mtandaoni ya kusema ndiyo bila kuonekana una njaa.

Wiki hiyohiyo mdogo wake wa kiume akapiga simu kutoka Muheza. Baba yao, mwalimu mstaafu, ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Kandambili ilikuwa imemchubua kidole cha mguu, na kidonda hakifungi. Wamempima, sukari imefika 18. Kijana alipopekua kabati akakuta vidonge vya miezi miwili vimelala ndani ya kopo la maziwa, havijaguswa. Pembeni yake kuna kopo jingine, la unga wa kijani, alilouziwa mzee kwenye grupu la WhatsApp la wastaafu wenzake. Kampuni nyingine kabisa, lakini maneno kwenye lebo ni ndugu moja na yale aliyoandikiwa dada.

Jumamosi mdada akapanda basi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeletwa na mdogo wako uje kunisimamia?"

Mzee hakuwa mkali. Alikuwa na hoja, kama walimu wote. Alisema miaka tisa anameza kemikali za wazungu na tumbo linamwendesha mpaka anaogopa kwenda msikitini. Mama yake mzazi, yaani bibi wa huyu mdada, aliishi mpaka uzeeni kabisa kwa shubiri, mwarobaini na chakula cha shamba, na hospitali aliijua kwa kumpeleka mtu mwingine. "Sasa niambie nani alikosea."

Jibu la haraka mdada hakuwa nalo. Usiku, wenzake wamelala, akachukua simu na kuanza kuisoma ile dawa iliyotelekezwa kwenye kopo la maziwa. Metformin. Hapo ndipo stori ilipogeuka.

Zamani huko Ulaya, tangu enzi za kati, kulikuwa na mmea wa malishoni uitwao galega, wenye maua ya zambarau au meupe. Waganga wa kienyeji wa huko, maana wazungu nao walikuwa nao tele, walimpa mtu anayekunywa maji bila kiu kuisha na kukojoa kila saa. Leo tunajua hizo ni dalili za kisukari. Mmea huo una kemikali za jamii ya guanidini, na mwaka 1918 wanasayansi wakaona kwamba guanidini inashusha sukari kwenye damu ya wanyama. Wakajaribu kuwapa wagonjwa kemikali ya galega yenyewe. Ilishusha sukari, ila ni sumu. Mpaka leo galega inaogopwa na wafugaji kwa sababu kondoo wakiila wanaweza kufa.

Ndipo wakemia wakaanza kutafuta ndugu mpole wa kemikali hiyo. Metformin ilitengenezwa maabara mwaka 1922, ikakaa miaka mingi bila mtu kuishughulikia, mpaka daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipoitumia kwa wagonjwa wa kisukari na kutangaza matokeo mwaka 1957. Marekani waliikubali 1994 tu. Kidonge cha leo hakichumwi shambani, kinatoka kiwandani. Lakini aliyeanza kuonyesha njia ni mganga wa majani.

Kwa hiyo mzee alikuwa amekimbia dawa yenye asili ya majani, akakimbilia majani. Tofauti ni kwamba ya kwanza imepimwa kwa miaka zaidi ya 60, na hii ya pili imepimwa kwa kijiko cha chai.

Asubuhi, juu ya chai ya rangi na mihogo, mdada akamsomea baba yake habari yote. Mzee akasikiliza, kisha akacheka. "Kwa hiyo na wao wana miti shamba!" Halafu, kama mtu aliyeguswa mahali, akaanza kufundisha yeye. Kutoka Muheza ukipandisha milimani unafika Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Walileta huko mikwinini, mti wa milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, ambao magome yake watu wa huko waliwafundisha Wazungu kuyatumia kwa homa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja na meli za dawa zikazuiwa, kwinini ya kutibu malaria ya askari wa Wajerumani ilitengenezwa hukohuko Amani. Porini askari walikunywa hata maji machungu ya magome, kinywaji walichokipa jina la kamanda wao, von Lettow. Mzee anaijua habari hiyo kama jina lake. Ila siku zote alikuwa anaifundisha kama historia, hajawahi kuiweka pamoja na vidonge vyake.

Na kwinini ndiyo inayoonyesha vizuri shida iko wapi. Magome ya mkwinini hayalingani: mti huu una dawa nyingi, ule kidogo, na ukivuna mapema au ukikausha vibaya unapata kitu kingine kabisa. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipoitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome mwaka 1820, kwa mara ya kwanza daktari aliweza kujua anampa mgonjwa kiasi gani. Uchungu ulikuwa uleule, kilichoongezeka ni mizani.

Kuna stori nyingine ambayo mdada aliipenda zaidi, ya bibi mmoja wa Shropshire, Uingereza. Huyo bibi alikuwa na dawa yake ya siri ya watu waliovimba mwili, mchanganyiko wa majani zaidi ya 20. Mwaka 1775 daktari William Withering aliombwa atoe maoni kuhusu dawa hiyo. Akachambua na kuona kinachofanya kazi ni mmea mmoja tu, dijitalisi. Ilimchukua miaka kumi kujua kiasi: ukipunguza hausaidii, ukizidisha mgonjwa anatapika na moyo unaweza kusimama. Kitabu chake kilitoka 1785, na dawa ya moyo iitwayo digoxin, inayotoka kwenye jamii ya mmea huo, ipo hospitalini hadi leo. Withering ana jina kwenye vitabu vya udaktari. Bibi hana hata jina. Hiyo nayo ni dhuluma, na wanaotetea miti shamba wana haki ya kuisema kwa sauti.

"Bibi alikuwa anapimaje?" mdada akamuuliza baba yake.

"Kwa kiganja. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, siyo chake. Mtoto kiganja kidogo, mtu mzima kikubwa."

Ukilifikiria hilo, siyo jambo dogo. Bibi alikuwa na mizani yake. Na zaidi ya mizani, alikuwa na macho: anakuuliza umekula nini, anakuangalia ulimi, kesho anapita kwenu kuona umeamkaje, na akiona mambo magumu anakwambia nenda hospitali. Kopo la kwenye grupu la wastaafu halina kiganja wala macho. Limechukua heshima ya bibi likaacha kazi yake.

Hata namna ya kuandaa ina siri yake. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alihangaika na mmea wa artemisia, wa jamii ya pakanga, matokeo yakawa yanapanda na kushuka. Kisha akarudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong wa karne ya 4, yanayosema loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Kuchemsha hakujatajwa. Tu akahisi kwamba moto unaiharibu dawa, akaitoa kwa joto la chini, na hapo ikafanya kazi. Leo dawa ya mseto ya malaria unayopewa dirishani inatokana na majani hayo, naye alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sasa wewe chemsha sufuria nzima halafu useme unafuata Wachina.

Mchana walikwenda kliniki pamoja. Hapo likajulikana jambo ambalo miaka tisa halikusemwa: mzee hakuwahi kumwambia daktari yeyote kuhusu tumbo lake. Aliogopa kufokewa, maana aliwahi kufokewa mbele za watu kwa kusahau kadi. Daktari wa zamu, kijana mdogo, hakufoka. Akamwambia ameze wakati wa chakula, waanze na kiasi kidogo kwanza, na kama tumbo likiendelea kuna aina inayoachia dawa polepole. Akauliza pia anatumia nini kingine. Mzee akataja unga, halafu kwa sauti ya chini akataja uwatu, anaoloweka usiku na kunywa asubuhi.

Unga ukasimamishwa palepale, kwa kuwa lebo haikusema ndani kuna majani gani. Uwatu daktari hakuukataza. Wahindi wanautumia kwa sukari tangu zamani, sawa na karela, na tafiti zimeonyesha vinaweza kushusha kidogo. Hapo ndipo penye hatari vilevile, ukivijumlisha na vidonge: sukari inaweza kushuka kupita kiasi, mtu akaanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi. Akaandika "uwatu" kwenye kadi. Mzee aliliangalia neno hilo kwenye kadi ya hospitali kwa muda mrefu.

Kidonda kinasafishwa siku moja na kuruka moja. Kidole hakijakatwa. Ganzi ipo bado, na hakuna aliyeahidi chochote.

Mdada aliporudi Dar alikuta watu wa lile tangazo wanaulizia ratiba. Akawatumia maswali matatu. Ndani kuna majani gani na kwa kiasi gani? Imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na namba ni ipi? Mtu anayemeza metformin afanye nini? Siyo maswali ya kuwakomoa. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu 2002, na Muhimbili wanachunguza mimea hii tangu miaka ya sabini, kwa hiyo mwenye dawa ya kweli ana pa kuipeleka.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Dear hii ni asili tu haina madhara, kama huwezi tuambie mapema." Akawaambia hawezi. Laki tisa ikaondoka, na kodi alimalizia kwa kukopa kwa shoga yake.

Ijumaa jioni kopo lile likatokea kwenye ukurasa wa mdada mwingine, mwenye wafuasi wengi kuliko yeye, tabasamu safi, maneno yaleyale neno kwa neno. Chini yake watu mamia wanaulizana bei, na kama mikoani wanatuma.