Kalamu Juu ya Kioo

Slaidi zimeliharibu somo la hesabu vyuoni, na sisi wahadhiri tunazipenda kwa sababu zinazoeleweka. Ukumbi una watu 300, ubao hauonekani na walioketi nyuma, vumbi la chaki linakwangua koo, na slaidi za mwaka jana zipo tayari kwenye flashi. Lakini mlinganyo ukitua ukutani ukiwa umekwisha kukamilika, mwanachuo haoni ulikotoka. Anauona mstari wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, anaitikia kwa kichwa, anapiga picha kwa simu, na picha hiyo inakwenda kukaa kwenye madesa mpaka usiku wa kuamkia mtihani.

Ndiyo maana siku hizi naingia darasani na kishikwambi chenye kalamu. Slaidi ninazo bado, ila nimeziacha wazi: swali juu, labda mchoro, na chini yake nafasi tupu. Nakiunganisha na projekta, nawageukia wanachuo, naanza kuandika juu ya kioo huku nikiwatazama usoni. Mkono hauwezi kukimbia kuliko akili ya anayeufuata. Nikipita njia isiyofika, naikata kwa wino mwekundu na kuiacha hapohapo, haifutwi. Kipindi kikiisha, faili linakwenda kwao likiwa na michoro, mishale na makato yake yote.

Wazo hili si geni. Microsoft walipozindua kompyuta za kuandikia kwa kalamu mwezi Novemba 2002, Richard Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipeleka darasani, wakatengeneza programu iliyoitwa Classroom Presenter. Kwanza ilimwezesha mwalimu kuandika juu ya slaidi zake. Baadaye ikaja sehemu ninayoithamini zaidi: mwanafunzi naye, akiwa na kompyuta ya kalamu, aliandika jibu lake na kulituma kwa mwalimu, na mwalimu akachagua machache ya kuonyesha mbele ya darasa bila majina.

Hilo la bila majina ndilo linalotuhusu sisi. Tumekulia kwenye methali ya kuuliza si ujinga, lakini jaribu kuinua mkono katika ukumbi uliojaa, mwaka wa kwanza, wiki ya pili, mbele ya vijana waliotoka shule zenye majina. Mhadhiri anauliza, “Kuna swali?” Kimya. Anachukulia kimya hicho kuwa wameelewa, anaendelea, na matokeo yanakuja kuonekana kwenye orodha ya waliokula sapu.

Sina vishikwambi vya kuwagawia watu wote hao, wala sivihitaji. Nawapa dakika chache wafanye swali kwenye karatasi, nazunguka, napiga picha majibu matatu au manne bila majina, nayarusha ukutani na kuyasahihisha kwa kalamu mbele yao. Mara nyingi kosa ni lilelile: alama ya kutoa iliyopotea walipofungua mabano. Hapo minong'ono huanza, kumbe hata wewe! Aibu ikishagawanywa kwa darasa zima, maswali yanaanza kutoka hata safu za nyuma.

Haya yamenifanya nitazame upya namna tunavyowalea vijana nje ya darasa pia. Mwanagenzi wa useremala hukaa karibu na fundi, akamwona anavyopima, anavyokosea, anavyofuta mstari wa penseli na kupima tena. Sisi wasomi tunawaonyesha watoto wetu joho na cheti kilichotundikwa sebuleni. Mkurugenzi akialikwa kwenye mahafali atasimulia bidii yake yote, ila muhula aliokaribia kudisko hautaji. Kijana anayesikiliza anahitimisha kwamba wenzake walizaliwa wakijua, na yeye peke yake ndiye anayehangaika.

Sitaki kuuza muujiza. Mhadhiri anayekimbia kwa slaidi atakimbia hata kwa kalamu, na mwandiko mbovu ukikuzwa na projekta unakuwa mbovu zaidi. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wanaoandika maelezo ya somo kwa mkono huelewa zaidi ya wanaochapa. Watafiti wengine waliporudia, tofauti haikujitokeza kwa nguvu ileile. Nami nasema tu kwamba darasani kwangu maswali yameongezeka.

Kuhusu gharama, Kitivo cha Uhandisi cha Virginia Tech huko Marekani kiliwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuanzia 2006, wawe kila mmoja na kompyuta ya kalamu. Kumdai hivyo mwanachuo anayesubiri bumu litoke ni ukatili. Kishikwambi kimoja kwa mhadhiri kinatosha, ilimradi kiwe cha kalamu kweli. Vijiti vya ncha ya mpira vinaigiza kidole tu, na kiganja chako kikigusa kioo nacho kinaandika. Kalamu halisi hutambuliwa na kioo, ikatofautishwa na kiganja, na nyingine hazina hata betri, kwa kuwa nyaya zilizo chini ya kioo huipa kalamu nguvu ya kutoa ishara. Apple wenyewe, waliotoa iPad mwaka 2010 kwa ajili ya kidole, waliiletea kalamu mwaka 2015.

Kwa hiyo, mkuu wa idara unayesoma hapa, bajeti ya vifaa ikija mezani ulizia kishikwambi cha kalamu kabla ya projekta mpya. Na kitakapofika, usikipeleke ofisini kwa profesa. Mpe anayefundisha mwaka wa kwanza.